Tupeane uzoefu: nyota za mtandaoni na madaktari wa Arusha na Moshi

Mleta mada
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Siku hizi mtu akiugua, kabla hajamuuliza jirani anafungua ramani ya Google kutazama nyota. Mwenye 4.8 anakimbiliwa, mwenye 3.1 anapitwa. Mimi naamini nyota hizo zinasema kweli kuhusu foleni, mapokezi na lugha ya wahudumu. Kuhusu utabibu wenyewe zinasema kidogo mno. Leteni visa vyenu, ila kwenye malalamiko tusitaje majina.

Naanza. Mama yangu alisumbuliwa na goti, tukaelekezwa kwa daktari wa mifupa hapa Moshi. Maoni ya watu mtandaoni kumhusu yalitisha, nikayasoma moja moja: maegesho finyu, mhasibu amenuna, watu wanakaa benchi mpaka saa nane mchana. Hakuna hata moja lililogusa matibabu. Tukaenda. Benchi tulikaa kweli, na mhasibu kweli alinuna. Lakini yule daktari alimpapasa mama goti lote, akamkunjisha na kumnyoosha, kisha akachukua bahasha ya eksirei akamchorea kwa kalamu mfupa wa paja, muundi, na gegedu iliyolika katikati. "Mama, kisu bado. Tupunguze uzito, na zoezi hili la paja ufanye kila asubuhi." Bahasha ile mama ameitunza, kila mgeni anaonyeshwa.

Mzee wa Sakina
Mimi kinyume chake. Nilifuata nyota tano Arusha mjini. Sakafu inang'aa, kahawa ya bure, kila mtu anatabasamu. Daktari hakunigusa tumbo. Damu ikachukuliwa, majibu yakaja: taifodi na UTI. Nani hapa hajawahi kuambiwa ana taifodi na UTI? Sindano na dripu nikamaliza, maumivu yakabaki palepale. Daktari kijana wa hospitali ya serikali ndiye aliyenilaza kitandani, akabonyeza upande wa kulia chini ya mbavu, akaagiza ultrasound. Mawe kwenye kibofu cha nyongo. Huyo mtandaoni hana hata nyota moja, hayumo kabisa.

Nesi wa Zamu
Mzee wa Sakina, pole sana. Kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi, kikifanywa mara moja tu hakithibitishi ugonjwa. Kinaweza kusoma chanya kwa sababu ya ugonjwa wa zamani au maambukizi mengine. Uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara, kuona kama vijidudu vyenyewe vimo.

Niseme ninayoyaona kazini. Daktari akimwambia mzazi "hii ni mafua ya virusi, mpe maji, antibayotiki haitasaidia", jioni anapewa nyota moja: hajui kazi, katurudisha mikono mitupu. Anayeandika dawa nne na sindano anasifiwa. Inaniuma, maana wa kwanza ndiye aliyemlinda mtoto na usugu wa dawa.

Na jingine: daktari akichafuliwa hawezi kujitetea. Siri ya mgonjwa inamfunga, hata kukiri kwamba ulitibiwa kwake haruhusiwi. Marekani na Kanada, ambako tovuti za kuwapa madaktari nyota kama RateMDs zipo tangu 2004, wanakwama palepale. Mnasoma upande mmoja tu.

Dereva wa Kiboriloni
Sasa dada nesi, sisi tusio na ndugu hospitalini tumjueje daktari wa kweli?

Nesi wa Zamu
Kaka, angalia kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndilo linalotunza daftari la madaktari Tanzania Bara, na malalamiko mazito ya kitaaluma hupelekwa huko. Halafu waulize waliotibiwa ugonjwa kama wako. Sifa za aliyezalishwa vizuri hazimsaidii mwenye kisukari. Na jamani, acheni kuweka picha za kadi za kliniki! Juzi nimeona ya mtoto, namba ya faili inasomeka. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Binti wa Rau
Mada nzuri. Mimi nimeacha kuandika "huduma nzuri sana, Mungu awabariki". Hii nimeiweka wiki hii, nainakili hapa: "Kliniki ya presha. Tulifika saa moja asubuhi, tukaonwa saa tano. Daktari alimpima baba mikono yote miwili, akauliza dawa anazotumia, akaeleza kwa nini anabadilisha moja na dalili zipi zimrudishe haraka. Bima ilipokelewa, dawa moja tulinunua nje. Choo cha wagonjwa hakina maji."