Moyo wa mtoto: mbona lazima tupande basi hadi Nairobi?

UmmuLikoni
Asalaam alaykum. Kijana wangu ana miezi saba. Akinyonya hutoka jasho kichwani kama aliyemwagiwa maji, huachia titi, apumzike, ndiyo arudi. Zahanati walinizungusha miezi mitatu, mara mafua, mara joto, hadi daktari mmoja akamsikiliza kifua akasema moyo unavuma. Eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha tundu moyoni. Sasa nina barua ya rufaa ya Nairobi. Mji wetu wa Mombasa una bandari kubwa hivi, mbona hatuna chumba chetu cha kuwapasua watoto moyo? Ni mashine tu zinazokosekana?

NesiMstaafu
Wa alaykum salaam, pole mwanangu. Nimekaa ICU ya watoto, wodi ya mahututi, huko Nairobi miaka mingi kabla ya kurudi kwetu Mtongwe. Mashine hupatikana: mfadhili huleta, utepe hukatwa, picha hupigwa. Kazi ni usiku wa kwanza baada ya upasuaji. Mtoto wa kilo tano, mipira kila mahali, nesi mmoja kitanda kimoja. Hata chooni huendi bila wa kukushikia. Mkojo unaupima kila saa kwa mililita, ukipungua unamwamsha daktari, akasirike asikasirike. Nesi wa hivyo haivi kwa semina ya wiki mbili. Na akishaiva, Ghuba na Uingereza wanamchukua. (Mimi pia niliitwa. Mama yangu alilia, nikabaki.)

Tena watoto lazima waje mfululizo, timu ikifanya mmoja mmoja mikono husahau. Dar wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015. Madaktari wageni walikuja, lakini wenyeji walisimama nao mezani, hawakutazama dirishani.

BabuKisauni
Mimi ningeanza na eko, na mtu wa kuisoma. Katika watoto 100 wanaozaliwa, karibu mmoja ana kasoro ya moyo. Tundu kubwa likiachwa miaka, mapafu huharibika, na hapo hata upasuaji haufai tena. Mtoto aliyezungushwa zahanati hadi hapo, Nairobi itamsaidia nini?

UmmuLikoni
Ahsanteni. Tunaondoka Jumanne, basi la asubuhi. Nimnyonyeshe vipi njiani?

NesiMstaafu
Kidogo kidogo, mara nyingi, kichwa juu. Dawa zake usiziweke kwenye begi la chini ya gari. Ukiona midomo inageuka rangi, au mbavu zinaingia ndani akipumua, usingoje Nairobi. Shuka Voi, mji wa njiani, nenda hospitali.