Naomba mnifundishe kuandika nukta nundu kwa mkono, nina wiki mbili tu

Mama Bustani:
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri kwa yeyote anayejua kuandika maandishi ya nukta nundu, yale ambayo wasioona husoma kwa kidole, kwa mkono, bila ile mashine. Ninacho kibao cha plastiki cha mistari minne, kile chenye vidirisha juu na vishimo chini, lakini kalamu yake ilipotea siku nyumba ilipojaa watu, na sasa natumia msumari niliouchomeka kwenye gunzi la hindi. Kusoma kwa macho najua kidogo, kwa sababu nimepata karatasi yenye alfabeti yote. Kuandika ndiko kunakonishinda. Nikiigeuza karatasi baada ya kuandika, sielewi nilichokiandika mwenyewe, na mahali pengine karatasi imetoboka kabisa. Nahitaji barua ya ukurasa mmoja ndani ya wiki mbili. Je, inawezekana kwa mtu mzima asiyewahi kufundishwa?

Fundi Mbao:
Dada, nianze na huo msumari. Mimi ni seremala na nimewahi kumtengenezea kalamu kijana mmoja wa mtaani kwetu. Msumari ukiwa na ncha kali hautengenezi nundu, unatoboa, na tundu lenye kingo linamkwaruza msomaji vidoleni bila kumwambia chochote. Chukua msumari wa inchi mbili, uusugue kwenye jiwe la kunolea mpaka ncha iwe butu na ya mviringo, kisha umalizie na msasa laini. Uache utokeze kidogo tu kwenye mpini. Mpini uwe mnene unaojaa kiganjani, kwa maana kinachosukuma ni kiganja na bega, siyo vidole. Gunzi litakuteleza na kukuchosha kabla ya mstari wa tatu.

Mwalimu Mstaafu:
Nilifundisha kitengo cha wasioona kwa miaka mingi, na tatizo unalolieleza nimeliona kwa karibu kila mwalimu mgeni. Kwenye kibao unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nundu zinatokea upande wa pili wa karatasi, na msomaji ataigeuza ili asome kutoka kushoto kwenda kulia. Wengi hulishika hilo, wakasahau kwamba kila herufi nayo lazima igeuke. Kila kidirisha ni herufi moja, na kina nafasi sita za nukta. Katika kusoma, nukta ya 1, 2 na 3 ziko safu ya kushoto kutoka juu kwenda chini, na 4, 5 na 6 ziko kulia. Katika kuandika, 1, 2 na 3 ziko kulia. Kwa hiyo b, ambayo ni nukta ya 1 na 2, utaibonyeza safu ya kulia, juu na katikati.

Usiposhika hilo, herufi zako zitabadilishana majina: d itasomeka f, e itasomeka i, h itasomeka j, na r itasomeka w. Usijaribu kukariri picha mbili za kila herufi. Kariri namba za nukta, halafu uambie mkono kwamba safu ya kwanza ni ile unayoikuta kwanza unapoandika.

Karatasi nayo ni muhimu. Ya daftari haifai, nundu zinalala zikiguswa mara mbili. Tumia manila, au kata kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita.

Binti Pangani:
Mimi ningekushauri uachane na mateso hayo. Siku hizi mtu asiyeona anasomewa ujumbe na simu yake. Rekodi sauti, utume, yaishe. Shangazi yangu alipopoteza uoni tulihangaika kutafuta mtu wa kumfundisha nukta, naye akasema vidole vyake vimekomaa kwa jembe na hahisi kitu. Tulimnunulia simu, na mpaka leo anatuma salamu za sauti kwa ukoo mzima, hata usiku wa manane.

Mama Bustani:
Ahsanteni sana. Fundi, nimeusugua msumari na kweli karatasi haitoboki tena. Mwalimu, nimejaribu neno "habari" na limenitokea vilevile ulivyosema: h imekuwa j, r imekuwa w, na i ya mwisho ikawa e. Dada Pangani, aliko huyo mtu haruhusiwi simu. Ninachoomba sasa ni jinsi ya kuandika haraka bila makosa, na jinsi ya kufanya nukta zitoke kama za mtu aliyezoea.

Mzee Kidole:
Shikamooni mnaostahili, na marahaba kwa wadogo. Mimi sioni tangu utotoni, na uzi huu nasomewa na simu, ingawa bado naandika kwa kibao kila siku. Mama, kuandika kwa usafi ninaweza kukufundisha. Lakini umesema "kama za mtu aliyezoea", na neno hilo limenikwama. Anayejifunza huandika kama anayejifunza, na msomaji humvumilia. Barua hii inakwenda kwa nani, na kwa nini isionekane kwamba wewe ni mwanafunzi?

Mama Bustani:
Inakwenda kwa mwanangu. Yuko darasa la saba, shule ya bweni, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umekaribia. Nataka tu kumtia moyo.

Mzee Kidole:
Mtoto wa darasa la saba ameshapata barua nyingi kutoka nyumbani. Siku zote hizo alikuwa anaandikiwa na nani?

Mama Bustani:
Alikuwa anaandikiwa na baba yake.

Naona nieleze, maana hamtaniacha. Mwanangu alipoteza uoni akiwa na miaka sita, baada ya homa ya uti wa mgongo. Alipoanza shule, baba yake alikwenda kwa walimu wake akaomba afundishwe, na kila mwezi alimwandikia barua kwa kibao hiki hiki nilicho nacho. Mtoto alirudi shuleni mwanzoni mwa Julai. Siku kumi na sita baadaye baba yake alifariki. Baba mkubwa na wazee wa ukoo walikaa, wakakubaliana na uongozi wa shule kwamba asiambiwe mpaka amalize mtihani. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, sikuulizwa. Wiki iliyopita imekuja barua yake. Anauliza kwa nini baba haandiki, kama amemkosea.

Nimeamua kumjibu kama baba yake angemjibu. Nukta hazina mwandiko. Nukta ni nukta, hata akiibonyeza nani. Nimeshaandika mstari wa kwanza, "Baba anakusalimu sana", na ninaomba mnisaidie kuumaliza ukurasa. Msinihukumu. Mtoto huyu amesoma miaka saba gizani, siwezi kumvunja moyo siku kumi na mbili kabla ya mtihani.

Ustadhi wa Jioni:
Pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu marehemu. Lakini, mama, mtoto amenyimwa haki ya kumzika baba yake, na sasa unataka kumsemesha marehemu. Hata kama nia ni njema, uongo unaozaliwa na huruma unabaki kuwa uongo.

Binti Pangani:
Mimi namwelewa. Bibi yangu alifichwa kifo cha mwanawe miezi mitatu kwa sababu ya presha, na siku alipoambiwa alisema alikuwa ameshajua kwa jinsi tulivyokuwa tunampikia vizuri kupita kiasi.

Mpenda Ukweli:
Ndugu zangu, naomba tuwe waangalifu. Mama huyu alianza na barua tu, halafu "huyo mtu", halafu mwanawe, na sasa ni yatima mwenye mtihani. Kila akiulizwa, hadithi inaongezeka uchungu. Je, inaingia akilini kwamba shule nzima, pamoja na wanafunzi wenzake, imetunza siri hiyo tangu Julai? Nimeshaona nyuzi nyingi za namna hii ambazo mwisho wake ni namba ya kutumia mchango.

Mama Bustani:
Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba. Shuleni anayejua ni mwalimu mkuu na matroni peke yao, na kijijini kwetu hakuna mtoto mwingine anayesoma huko. Nilichelewa kusema kwa sababu sijawahi kukiandika kifo hicho mahali popote. Hapa ndipo mara ya kwanza.

Mwalimu Mstaafu:
Tusimtese kwa maswali ambayo yana njia rahisi. Mama, chukua kalenda yako, andika sentensi yoyote fupi, igeuze, kisha utuwekee hapa namba za nukta kama unavyoziona, pamoja na makosa yake. Mtu anayetunga atanakili alfabeti ikiwa safi. Aliyebonyeza kwa mkono makosa yake yatakuwa na njia yake.

Mzee Kidole:
Kabla hajafanya hivyo, nijibu lile alilosema kwamba nukta hazina mwandiko, kwa sababu hapo ndipo kosa lake kubwa lilipo, na silisemi kwa kumkemea.

Mama, nukta zina mwandiko. Kaka yangu alikuwa akiniandikia nilipokuwa shule, na nilijua barua yake kabla ya kumaliza neno la kwanza. Alibonyeza kwa nguvu mwanzoni mwa mstari na kulegea mwishoni. Nukta yake ya 6 haikuwahi kutokeza sawasawa, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzito kufika kona ile ya chini. Alipokosea hakufuta, alibonyeza nukta zote sita juu ya herufi mbovu, akaendelea. Rafiki yangu mwingine yeye aliipiga nundu kwa kucha mpaka ikalala, kisha akaandika juu yake, na kidole kinahisi kovu. Wapo wanaoandika kila neno kwa herufi zake zote, na wapo wanaofupisha. Mume wako ameandika kwa miaka kadhaa, kwa ncha ya kalamu ambayo wewe huna. Msumari wako, hata ukisuguliwa na fundi bora, utatoa nundu ya umbo jingine.

Mwanao atapitisha kidole mara moja tu, naye atajua kwamba kibao ni cha baba na mkono si wa baba. Sasa fikiria atakaa na swali hilo peke yake, bwenini, usiku, siku kumi na mbili kabla ya mtihani.

Fundi Mbao:
Mzee amesema kweli hata kwa upande wa kazi yangu. Patasi mbili za ukubwa mmoja hazikati sawa, na nikiona ubao ninajua ni yupi kati ya vijana wangu aliyeuranda. Mama, kama uko mkoa wa Tanga, nitakuchongea kalamu ya mpini wa mninga, bila malipo.

Mama Bustani:
Nimesoma ujumbe wa Mzee mara tatu. Nimechukua barua za zamani ambazo mwanangu alizirudisha nyumbani likizo ya Juni, nikafumba macho, nikapapasa. Sijui kusoma kwa kidole, lakini nimehisi jambo moja: za baba yake ni ndogo na zimekaza kama mtama. Zangu ni pana, nyingine zimepasuka.

Hizi ndizo namba mlizoomba, nimeziandika leo alfajiri, nikazisoma baada ya kugeuza karatasi:
1-3-4, 2-4, 1-3-4, 2-4, nafasi, 1-3-4-5, 1-5, nafasi, 1-3-4, 1, 1-3-4, 1.

Mwalimu Mstaafu:
"Mimi ne mama." Ulikusudia "ni". Herufi i moja katika tatu imegeuka, na imegeuka kuwa e, kama inavyogeuka kwa kila mtu mkono unapochoka na kusahau upande. Kwangu mimi ushahidi huo unatosha.

Mpenda Ukweli:
Naomba radhi, mama. Nilihofia watu wasitapeliwe, na nimekuumiza wewe. Pole kwa msiba.

Ustadhi wa Jioni:
Na mimi nilitangulia kukufundisha kabla ya kukusikiliza. Lakini swali bado lipo: aambiwe kabla ya mtihani au baada?

Mwalimu Mstaafu:
Kwa uzoefu wangu ningesubiri mtihani uishe. Nimeona watoto waliovunjika katikati ya juma la mtihani.

Mzee Kidole:
Nami kwa heshima ninapingana nawe, mwalimu. Mtoto huyu hajatulia, ameshaandika kuuliza kama amekosea. Anafanya mtihani na kosa ambalo hakulifanya. Mama, nenda mwenyewe, uende mapema, siku kadhaa kabla ya mtihani, umwambie kwa mdomo ukiwa umemshika mkono. Barua usiitume kwa posta. Mpe baada ya kumwambia, ili mkishaondoka awe na kitu cha kusoma peke yake bila kusomewa na matroni. Sisi tusioona tunasomewa mambo yetu ya siri tangu utotoni, na hujui ni nafuu iliyoje kupata karatasi ambayo hakuna mwingine bwenini aliyetangulia kuijua. Andika kwa jina lako. Mistari sita inatosha. Acha nafasi kubwa pembeni, na kila ukimaliza mistari minne ya kibao, ukishushe ukiziweka pini za juu kwenye matundu yaliyoachwa na pini za chini, ili mistari isipande.

Na hilo "ne" liache lilivyo. Atalisoma "ni".

Mama Bustani:
Nimezungumza na baba mkubwa. Kwanza alikataa, akasema naharibu makubaliano ya wazee. Nikampa ile barua ya mtoto, nikamsomea mahali anapouliza kama amekosea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tutakwenda wote Jumamosi, kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Fundi, kalamu imefika jana, Mungu akubariki. Inakaa kiganjani vizuri na bega haliumi tena.

Mistari mitano imekamilika. Karatasi nimeiweka katikati ya vipande viwili vya boksi ili nundu zisilale njiani. Uliobaki ni mstari wenye maneno "baba yako". Ni herufi rahisi kuliko zote, b na a tu mwanzoni, na nimeshauanza mara saba.