Mizani ya kahawa: suala moja, masomo manne. Tugawane vipi?

Mwl_Masaka: Walimu, salaam. Mtaala mpya wa sekondari hapa Uganda ulioanza 2020 unataka masuala ya uchumi na maadili yapite katika kila somo, lakini idara zote huyasukumia Dini na Ujasiriamali. Kwa kidato cha pili nafikiria tuchukue mizani ya mnunuzi wa kahawa, kwa wiki mbili. Fizikia, Hisabati, Dini na Kiswahili zigawane vipi bila kurudia yale yale?

Fizikia_Mbale: Fizikia itangulie. Tundikeni mizani ya springi, wanafunzi waisome ikiwa tupu, kisha ikiwa na lita 5 za maji, kisha 10. Lita moja ni kilo moja. Chupa tupu zipimwe kwanza maabara. Wengi hukagua sifuri wakaishia hapo, kumbe springi iliyochoka husimama sawasawa kwenye sifuri, ikibebeshwa ndipo inapokwenda kombo. Na msitumie jerikeni ya lita 20 iliyojaa hadi shingoni. Inabeba zaidi ya lita 20, mtailaumu mizani bure.

Hesabu_na_Kilimo: Msiishie kwenye mizani, mwalimu. Ugomvi mkubwa shambani ni unyevu. Wape swali hili: kilo 100 za kahawa zina unyevu wa 20%, zikikauka hadi 13% zitabaki ngapi? Darasa karibu lote litatoa 7 na kujibu 93. Si hivyo. Kahawa yenyewe bila maji ni kilo 80, na hizo 80 sasa ni 87% ya uzito mpya, kwa hiyo 80 ÷ 0.87, yaani 92 hivi. Mnunuzi anayekata kilo 8 hajamwibia mtu. Anayekata 15 amepunja. Mtoto asiyejua hesabu hii atamwita mwizi mtu mwaminifu, au atampigia makofi mwizi. Maadili yako humo humo ndani ya jibu.

Mwl_Dini_Arua: Naunga mkono. Dini ije baada ya namba hizo. Mithali 11:1 na mwanzo wa Surat Al-Mutaffifin zinazungumzia vipimo, basi Wakristo na Waislamu wafanye kazi moja. Tafadhali msiulize “Je, kupunja ni vibaya?” Wote watasema ndiyo, kipindi kimekwisha. Ulizeni kuhusu mkulima anayetia mawe guniani kwa sababu mnunuzi naye hupunja. Hapo ndipo wanapogawanyika, na mwalimu asiwahi kutoa hukumu.

Mwl_Masaka: Asanteni sana. Kiswahili basi kipewe mjadala huo, halafu barua kwa chama cha ushirika kuomba mizani ikaguliwe, yenye vipimo vitatu vya Fizikia ndani yake. Barua isiyo na namba irudishwe.

Fizikia_Mbale: Sawa kabisa. Waandike na tarehe ya kupima.