Kurasa 41, yeye kaona jalada tu!!!

Mwiba Mkavu (mleta uzi):
Wakuu, leo sina salamu. Salamu nitatoa nikipoa.

Yule mtu mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kila darasa linaye, na kama la kwenu halina basi jichunguze, huenda ni wewe. Anakaa mstari wa pili, kalamu nne za rangi nne, kila akinyoosha mkono anaanza na "kwa mtazamo wangu mdogo" halafu huo mtazamo mdogo unakula kipindi kizima. Huyo huyo.

Leo ilikuwa siku ya makundi kukaguana. Hili linasoma kazi ya lile, mnajaza fomu ya mrejesho, kisha mmoja wenu anasimama kuisoma mbele za watu. Fomu yenyewe ina visanduku vitatu tu: kilichofanyika vizuri, cha kuboresha, swali kwa waandishi. Kazi yetu kurasa 41. AROBAINI NA MOJA. Wiki tatu hatujalala, macho yangu yamekuwa mekundu mpaka nyumbani wakaanza kunusa nguo zangu. Kuna jedwali pale ukurasa wa 23 limeniliza, machozi kabisa, yalidondoka kwenye kibodi herufi M ikawa haibonyezeki.

Jamaa akasimama. Akakohoa. Akalamba kidole. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akaruka mpaka katikati, akawa anaangalia kama mtu aliyedondosha ufunguo gizani. Akarudi nyuma. Akarudi tena. Akafika kwenye jalada. Akaifunga kazi, akaigongagonga mezani ikae sawa, akasema:

"Jalada limependeza. Mmejitahidi."

Akakaa.

AKAKAA WAKUU.

Mmejitahidi! Hilo neno anaambiwa mtu aliyefungwa goli saba. Anaambiwa mtoto aliyevaa viatu mwenyewe, cha kulia kushoto, cha kushoto kulia. Kurasa 41 unaniambia nimejitahidi?

Kisanduku cha pili, cha kuboresha, kaweka kistari. Kistari kimoja, tena kimepinda. Cha tatu, swali kwa waandishi, kaandika: "Mlitumia siku ngapi?" Sasa hilo ni swali au ni tusi lililochomekea shati?

Na darasa likapiga makofi. Makofi ya nini? Ya jalada!

Mimi sitaki sifa. Angesema "jedwali la ukurasa wa 23 asilimia zake hazifiki mia" ningempa mkono. (Hazifiki, tumekuja kugundua baadaye, ni 98. Lakini yeye hakujua maana huko hakufika.) Mrejesho si ndio huo? Taja ukurasa, taja kasoro, sema wewe ungefanyaje, kaa chini. Yeye analamba kidole. Kwanza kidole cha nini kama husomi? Nikifumba macho nakiona kile kidole kinakuja.

Sijui hata nimekuja kuomba nini hapa. Jalada!!!

Kimya Kingi:
Nimesoma yote mpaka mwisho. Umejitahidi.

Ndoo Tupu:
Kichwa cha uzi kimependeza.

Mwiba Mkavu:
Mmeanza.

Shangazi Mtandao:
Pole mwanangu. Punguza povu kwanza, utaharibu na herufi zilizobaki. Halafu uje utuambie: hilo jalada lina nini? Maana nami nimeanza kulitamani.

Kimya Kingi:
Shangazi 😂😂😂 weka picha ya jalada mkuu, tutoe mrejesho.

Mwiba Mkavu:
Siweki. Hamjaelewa mada. Mada ni kwamba mtu kapewa kazi ya watu sita, kaifunua mbele yao, kalamba kidole, karudi kwenye jalada. Mngekuwepo mngelia. Alirudi KINYUMENYUME, ukurasa kwa ukurasa, kama anayefuta nyayo zake.

Mzee wa Rejea:
Vijana, tulieni niwape shule kidogo. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi za mrejesho wakazipima pamoja. Kwa wastani mrejesho unasaidia, sawa, lakini zaidi ya theluthi moja ya matokeo yalionyesha watu walifanya vibaya zaidi baada ya kuupata. Moja ya maelezo yao ni kwamba macho ya mtu yakihama kutoka kwenye kazi yakaja kwake mwenyewe, nguvu ya mrejesho inashuka. Neno "mmejitahidi" linazungumzia watu, halizungumzii kazi. Kwa hiyo mleta uzi ana hoja, ila anaitetea vibaya.

Mwiba Mkavu:
Asante mzee. Umeona sasa! Mimi niko kwenye ile theluthi.

Ndoo Tupu:
Wewe hata bila mrejesho ungekuwa kwenye ile theluthi.

Mkasi Butu:
Naomba kuuliza swali moja dogo, kwa mtazamo wangu mdogo. Nyie mliwapa wao mrejesho gani?

Mwiba Mkavu:
Hiyo siyo mada.

Mkasi Butu:
Ndiyo mada. Makundi yalikuwa yanakaguana. Mliandika nini?

Mwiba Mkavu:
Niliandika mimi kwa niaba ya kundi. "Kazi nzuri sana, endeleeni hivyo." Nilikuwa na haraka, na kusema kweli kazi yao ilikuwa nzuri.

Kimya Kingi:
Ilihusu nini?

Kimya Kingi:
Mkuu?

Kimya Kingi:
Mkuu ilihusu nini hiyo kazi nzuri sana?

Ndoo Tupu:
Mtu kapotea hewani 😂 Yule angalau alifika kwenye jalada. Wewe hata jalada hukuliona.

Shangazi Mtandao:
Jamani mwacheni, ana macho mekundu.

Nta ya Kiatu:
Mimi nitamtetea kidogo, maana nimeshaonja upande wa pili. Muhula uliopita nilipewa kazi ya watu nikaisoma kweli kweli. Nikaandika kurasa mbili. "Hitimisho lenu linasema kipato kinapanda, ukurasa wa 6 mnasema kinashuka, chagueni moja." "Neno 'hata hivyo' limetokea mara 11 kwenye ukurasa mmoja." Sikumtukana mtu, sikutaja jina la mtu, nikaweka na mapendekezo. Mpaka leo hawanisalimii. Mmoja nikikutana naye kwenye ngazi anajifanya anafunga kamba za viatu. Anavaa ndala.

Kimya Kingi:
Anafunga kamba za ndala 😂😂😂 nimeishiwa.

Nta ya Kiatu:
Tangu siku hiyo na mimi naandika "mmejitahidi". Samahani mleta uzi, ndivyo watu wanavyotengenezwa.

Dada wa Mstari wa Nyuma:
Kwani hamkufundishwa ile ya sifa juu, sifa chini, rungu katikati? Sisi mwalimu alitufundisha hivyo. Tatizo watu walishaizoea, ukianza tu kumsifia mtu unaona kashika meza kwa mikono miwili anasubiri rungu.

Mkasi Butu:
Sasa yule alitoa sifa juu, sifa chini, katikati akaweka kistari. Kitaalamu yuko sawa.

Mwiba Mkavu:
Nimerudi. Kwanza nilikuwa nachaji simu. Pili, msilinganishe "endeleeni hivyo" na kile kidole. Mimi niliandika kimya kimya, yeye alisimama. ALISIMAMA akakohoa. Mtu asiye na cha kusema anakohoa cha nini?

Fagio Jipya:
Nyie mnalia na jalada, mimi kundi letu lina mtu ambaye tangu tuanze muhula kaandika neno moja: "Sawa." Tunagawana kazi, sawa. Tarehe ya mwisho kesho, sawa. Umefika wapi na sehemu yako, sawa. Siku ya kuprinti akaja mbio, jasho, akauliza: "Jina langu mmeliandika kwa herufi kubwa?"

Dada wa Mstari wa Nyuma:
Huyo wako ana afadhali, anajibu. Wetu ni kiongozi wa kundi. Kazi tunafanya sisi, siku ya kuwasilisha anasema "katika utafiti wangu". Wako! Nilimwuliza mbele ya darasa chanzo cha takwimu za slaidi ya tano ni kipi, akasema "swali zuri, mwenzangu atalijibu". Mwenzake ni mimi. Nilijiuliza nikajijibu.

Kimya Kingi:
Ulijipa mrejesho gani?

Dada wa Mstari wa Nyuma:
Nilijitahidi.

Mzee wa Rejea:
Haya yote yana historia. Mfaransa Maximilien Ringelmann alichapisha mwaka 1913 majaribio ya watu kuvuta kamba: mkiongezeka, kila mmoja anavuta pungufu ya anavyovuta akiwa peke yake. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake wakajaribu kwa kupiga kelele na makofi, ikawa vile vile. Mtu akijua yuko kwenye kundi anapunguza nguvu.

Ndoo Tupu:
Kwa hiyo mleta uzi hata yale makofi ya jalada walikupigia kwa nusu nguvu.

Mwiba Mkavu:
Mzee na wewe umenigeuka.

Mzee wa Rejea:
Mimi naleta takwimu tu.

Fagio Jipya:
Ndiyo maana sisi sasa kila mtu anaweka rangi yake kwenye maandishi kabla ya kuunganisha. Ukiona kazi nzima ni bluu, unajua Bluu ndiye aliyekesha. "Sawa" hana rangi hata moja.

Jalada Ni Langu:
Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu tu, baada ya kutumiwa na watu watano.

Mimi niko kundi moja na mleta uzi. Jalada nililitengeneza mimi. Usiku mmoja, kwa mikono yangu. Katika kurasa zote 41 ndicho kitu pekee kilichosifiwa na mtu wa nje, na mwenzangu wa kundi kaja huku kulitukana mbele ya umma.

Wiki tatu hatujalala? Tulianza Jumapili, tukakabidhi Jumatano. Yule alivyouliza "mlitumia siku ngapi" nilitazama chini kwa sababu najua jibu. Wewe kazi yako ilikuwa jedwali. MOJA. La ukurasa wa 23. Hilo hilo la 98. Asilimia 2 umezipeleka wapi?

Kimya Kingi:
Uuuuuwi.

Ndoo Tupu:
Kitu kizito hicho. Nani ana maji, mleta uzi apepewe.

Shangazi Mtandao:
Mwanangu wa jalada karibu sana jukwaani. Picha tafadhali.

Jalada Ni Langu:
[ameambatisha picha]

Shangazi Mtandao:
Limependeza kwa kweli!

Mkasi Butu:
Dah, limependeza. Ule ukingo umeufanyaje?

Nta ya Kiatu:
Hata mimi ningerudi kinyumenyume mpaka hapo.

Mwiba Mkavu:
Sijasema jalada baya!! Someni vizuri jamani. Nimesema KIDOLE.

Jalada Ni Langu:
Na herufi M yako ilikufa tangu mwaka jana ulipoangusha kompyuta. Machozi hayahusiki.

Fagio Jipya:
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mkuu wa Jalada, naona kwenye picha jalada lenu halina namba ya ukurasa. Mimi nikiweka namba inaanzia kwenye jalada lenyewe, nikifuta ya jalada zinafutika zote. Tunakabidhi kesho saa mbili asubuhi. Nisaidieni.

Dada wa Mstari wa Nyuma:
Hata mimi hiyo inanitesa miaka yote. Huwa naprinti jalada kama faili la peke yake.

Jalada Ni Langu:
Kama unataka jalada tu lisionyeshe namba, kuna alama ya kuweka tiki inayosema ukurasa wa kwanza uwe tofauti. Tiki hiyo, umemaliza. Lakini ukitaka 1 ianzie kwenye utangulizi, baada ya jalada na yaliyomo, lazima ukate faili liwe sehemu mbili. Bonyeza mwanzo kabisa wa utangulizi, nenda kwenye mpangilio wa ukurasa, chagua kukata sehemu, siyo kukata ukurasa. Watu wengi wanakosea hapo.

Fagio Jipya:
Nimekata. Bado zinafutika zote.

Jalada Ni Langu:
Bonyeza mara mbili chini ya ukurasa wa utangulizi, pale namba inapokaa. Utaona imeunganishwa na sehemu iliyotangulia. Ondoa huo muungano. Ndipo ufute za sehemu ya kwanza, kisha huku uiambie ianze na 1.

Mwiba Mkavu:
Kwa hiyo uzi wangu umekuwa wa namba za kurasa.

Kimya Kingi:
Mkuu tulia, watu wanakabidhi kesho.

Mkasi Butu:
Na zile namba za kirumi za kurasa za mwanzo?

Jalada Ni Langu:
Hapo za sehemu ya kwanza usizifute, bonyeza namba, badili mtindo wa namba, chagua i, ii, iii. Kwa sababu umeshaondoa muungano, huku kwingine hazitaguswa.

Fagio Jipya:
Imekubali!!! Ubarikiwe sana. Miaka mitatu nateseka.

Nta ya Kiatu:
Yangu inaruka kutoka 4 kwenda 7. Kuna mtu ameshakutana na hiyo?