Mama ana miaka 71, magoti na kiuno vinamtesa: vidonge, sindano, mazoezi au kukandwa?

Binti_wa_Muheza

Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 71, yuko Muheza. Magoti yote yanauma, la kulia zaidi, na asubuhi kiuno kikimbana hawezi kunyanyuka kitandani bila kushika ukuta. Eksirei imeonyesha gegedu za magoti (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa) zimelika. Ana presha, anameza losartani na dawa ya kukojosha. Sukari hana. Uzito kilo 84.

Kila mtu nyumbani ana lake. Jirani anamletea diklofenaki kutoka duka la dawa. Dada yangu anataka achomwe sindano ya goti. Shangazi kashamleta mkandaji na sasa anasema apigwe chuku, yaani achanjwe na kunyonywa damu kwa pembe. Daktari aliandika mazoezi, lakini mama mwenyewe anasema mazoezi ni ya vijana. Naomba tulinganishe: kipi kitangulie, kipi kisubiri, na kipi ni hatari kwa mtu kama yeye?

Mfamasia_Moro

Pole kwa kuuguza, na mama mpe shikamoo zake. Naanza na diklofenaki kwa sababu hapo ndipo roho yangu imeshtuka. Vidonge hivyo, pamoja na ibuprofeni na ndugu zao, vinatuliza maumivu kweli. Shida ni losartani na dawa ya kukojosha alizonazo tayari. Zikikutana zote tatu mwilini mwa mzee, figo hukosa damu ya kutosha na zinaweza kufeli. Presha nayo hupanda. Tumbo la mzee huweza kutoa damu bila hata kiungulia cha kumtahadharisha. Kwa hiyo jirani ashukuriwe, ila vidonge vikae pembeni mpaka daktari anayejua dawa zake zote aamue. Akiviruhusu, viwe vya siku chache, dozi ndogo, baada ya kula, pamoja na dawa ya kulinda tumbo.

Badala yake kuna diklofenaki ya kupaka, ile ya tyubu. Kwa goti inafanya kazi vizuri kwa sababu kiungo kiko karibu na ngozi, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Apake mara 3 au 4 kwa siku, anawe mikono, asiweke kitambaa cha moto juu yake. Kwa kiuno haisaidii sana, viungo vya mgongo viko ndani mno.

Parasetamoli ni salama zaidi kwake, ila kwa magoti yaliyolika nguvu yake ni ndogo. Asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mzee mwembamba apewe pungufu ya hapo. Mwangalie pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli hiyohiyo.

Na tafadhali, akiletewa unga au vidonge visivyo na jina, vile vya "dawa ya asili ya viungo" vinavyomfanya mtu aamke mzima kesho yake, muulize aliyeleta kuna nini ndani. Dawa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi zimechanganywa na dawa kali za steroidi, prednisoloni au deksamethasoni. Mzee anafurahi mwezi mzima, kisha uso unaumuka, sukari inapanda na mifupa inakuwa dhaifu. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiache ghafla, anaweza kuanguka na kuzimia. Aende hospitali apunguziwe taratibu.

Nyota_Muscat

Mama yangu yuko Unguja, alichomwa sindano ya goti. Nafuu aliipata, sikatai: akapanda ngazi za nyumba bila kushikwa. Lakini baada ya wiki kadhaa maumivu yakarudi polepole, na daktari akatuambia si ya kuchomwa kila mara. Yeye ana sukari, na siku zilizofuata ilipanda, tukawa tunaipima kila asubuhi. Kilichomfaa hasa ni kwamba wiki zile goti lilipotulia ndipo alipokubali kuanza mazoezi. Kwa hiyo dada yako hajakosea, ila sindano peke yake ni pumziko tu.

Mzee_wa_Rau

Binti, mwambie mama yako kuna mzee wa miaka 68 huku Moshi anamsalimu. Mimi nimelima kihamba maisha yangu yote na magoti yamenilipa. Nilipoumwa nililala, nikidhani napumzisha viungo, na kadiri nilivyolala ndivyo mapaja yalivyosinyaa na goti likawa linacheza. Aliyeninyanyua ni kijana wa fiziotherapia. Hakunipa kidonge, alinipa kiti. Kaa, simama bila kushika, kaa tena polepole. Wiki za kwanza nilimchukia kabisa. Leo nakwenda kanisani kwa miguu na kurudi.

Viungo_Msa

Mzee wangu, umenirahisishia kazi. Nafanya tiba ya viungo hapa Mombasa na wagonjwa wangu wengi ni mama za watu kama huyu.

Gegedu iliyolika hairudi, lakini goti halibebwi na gegedu pekee. Misuli ya paja la mbele ndiyo inayopokea mshindo wa kila hatua. Ikiwa na nguvu, maumivu hupungua hata kama eksirei haijabadilika. Mama aanze hivi: kiti cha mbao kisicho na magurudumu, kiegemezwe ukutani, mto juu yake ili kimo kiongezeke. Miguu ipanuke usawa wa mabega, visigino vivutwe nyuma kidogo. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asimame. Kushuka kuwe taratibu kuliko kupanda, asijitupe. Akizoea, ondoa mto. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno. Yakiwa bado makali kesho yake, apunguze idadi, asiache.

Uzito usiudharau. Kila kilo anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Akitoa kilo 5, hesabu mwenyewe.

Kiuno: muulize kama akitembea miguu inakufa ganzi au kuuma, kisha akikaa au akiinamia mbele anapata nafuu. Ikiwa ndiyo, njia ya mishipa ya fahamu mgongoni huenda imebana, na mazoezi yake yatakuwa tofauti. Apimwe kwanza.

Kukandwa sikatazi. Mikono laini na mafuta ya karafuu hulegeza misuli na mzee hulala vizuri. Ninachokataa ni kumlaza mama kifudifudi mtoto akamkanyaga mgongoni, au mkandaji kumvuta mpaka aalike. Mifupa ya mwanamke wa umri huo huwa myepesi, pingili inaweza kuvunjika. Chuku ushahidi wake ni hafifu. Akiitaka kwa imani yake, wembe uwe mpya, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda asichanjwe kabisa.

Nyumbani ondoeni kigoda. Apikie jiko lililoinuliwa, nazi akuniwe na wajukuu, choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu. Kama ni mtu wa swala, aswali kitini, ruhusa ipo.

Muuguzi_Kondoa

Kabla ya yote hayo, yapo maumivu ya mgongo yasiyosubiri mazoezi. Miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo: hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni, kukonda na maumivu yanayomwamsha usiku: tunafikiria TB ya uti wa mgongo. Huku kwetu watu wanakunywa maziwa mabichi, kwa hiyo tunapima na bruselosi. Mzee wa kiume mwenye maumivu mapya ya mgongo aangaliwe na tezi dume. Goti moja likivimba likawa la moto na homa juu, lisikandwe wala kupakwa chochote, apelekwe haraka. Mkifika, ulizieni dirisha la wazee, msipange foleni ndefu bure.

Binti_wa_Muheza

Mungu awabariki. Nimezungumza naye, homa hana na mkojo uko sawa. Ganzi anasema hana. Vidonge vya jirani nimevitoa ndani. Nina mawili yamebaki: zile glukosamini za bei kubwa zinafaa? Na upasuaji je?

Mfamasia_Moro

Hela ya glukosamini iweke kwenye kiti cha mazoezi na chakula kizuri kama samaki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2006, wenye watu zaidi ya 1,500, haukuona kwa ujumla ikizidi kidonge kisicho na dawa. Kubadilishwa goti kunafanyika nchini, hospitali ya mifupa MOI pale Muhimbili na hospitali ya KCMC Moshi kwa mfano. Ni kwa yule ambaye mazoezi, dawa na sindano vimeshindwa, na usiku halali kwa maumivu. Mama yako hajaanza hata hatua ya kwanza.

Viungo_Msa

Mnunulie pia fimbo. Wengi huishika upande unaouma, sivyo. Goti bovu ni la kulia, basi aishike mkono wa kushoto, na aipeleke mbele pamoja na mguu wa kulia. Akisimama wima na viatu vyake, mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini iwe na mpira, na ukilika ubadilisheni kabla ya masika.