Naomba ushauri: sola inavuruga redio ya masafa mafupi

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Nyumbani hatuna umeme wa gridi. Tunatumia paneli mbili za wati 150, betri ya volti 12, inveta na kontrola ya chaji aina ya MPPT (inayotafuta kila mara kiwango ambacho paneli hutoa nguvu nyingi zaidi). Tangu niifunge kontrola hiyo, redio ya masafa mafupi ambayo baba yangu huitegemea kwa habari inanguruma mchana kutwa na kutulia jua likizama, ilhali FM ni safi. Kuzima inveta na taa hakukusaidia. Nilipokata saketi ya paneli, kelele ilikoma papo hapo, nami nashuku kwamba nyaya za mita 12 kutoka paani zinaisambaza kama antena.

Je, pete za feraiti (zile za kuvisha kwenye waya ili kupunguza kelele) nizifunge upande wa paneli, wa betri, au pande zote mbili, na waya uzungushwe mara ngapi?