Silinda ya mm 12, pistoni haina ringi: nianze wapi ili kompresheni ikae?

Karakana_ya_Uani

Wakuu, habari za kazi. Najenga injini ndogo ya dizeli ya stroki mbili. Kipenyo cha silinda ni mm 12, stroki mm 13, yaani ujazo wa kama sentimita za ujazo 1.5 hivi. Krenkkesi ya aluminiamu iko tayari na bushi ya shaba imeshakaa mahali pake. Imebaki sehemu inayoninyima usingizi: silivu ya feleji (mrija ambao ndio silinda yenyewe), pistoni ya chuma cha kusubu, na ile pistoni ya juu inayosukumwa na skrubu ili kubadili kompresheni.

Nina lethi (mashine ya kukereza) ndogo ya mezani, chaki (kishikio cha kubania chuma) ya taya tatu na ya taya nne, keekee ya kusimama na maikromita inayosoma mm 0.01. Mchoro unataka nafasi ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 3 hadi 5 kati ya pistoni na silinda. Sasa nitapimaje kitu ambacho maikromita yangu haikioni? Na kipi kinatangulia, silinda au pistoni?

Jingine ni krenkshafti. Nataka kuikereza kutoka kipande kimoja kwenye taya nne, lakini saa yangu ya kupimia inatembea mm 10 tu. Nawezaje kuweka pini ya krenki mahali pake?

Taya_Nne

Anza na silinda mkuu. Toboa 11.8, pitisha rima (kifaa cha kumalizia tundu) ya 12 taratibu na mafuta ya kutosha, kisha chukua dawa ya kusagia vali za magari, usage pistoni humohumo ndani ya silinda mpaka ilegee. Injini zangu za mvuke nazifanya hivyo na zinakwenda vizuri tu.

Mzee_wa_Tupa

Karakana, hongera kwa kufika hapo. Taya_Nne kasema kweli kwamba silinda inatangulia, na kwa mvuke njia yake inatosha, maana boila inaendelea kusukuma hata kama kidogo kinavuja. Dizeli ndogo haina huruma hiyo. Haina plagi wala cheche, moto wake unatokana na hewa iliyobanwa mpaka ikapata joto. Ukiwa na sentimita moja na nusu tu ya hewa, upenyo mwembamba unakula sehemu kubwa ya ulichonacho na mafuta hayawaki. Kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu. Kazi hii naipenda na sitaki mtu aiharakishe.

Kwanza acha kuhangaika na namba. Silinda ikitoka 11.97 au 12.04, injini haijali. Inachojali ni tundu liwe duara kweli, linyooke, na pistoni ilifuate tundu hilo. Ndani ya silinda mkono wako haufiki vizuri, nje ya pistoni unafika. Basi chenye kufikika ndicho kimfuate kisichofikika.

Sasa silivu. Usikereze nje kwanza. Chukua feleji nene, kipenyo cha mm 25 hivi, umalize tundu wakati ukuta bado mnene. Silivu yenye ukuta wa mm 1.5 ukiibana kwenye taya tatu, taya zinaiminya sehemu tatu. Utakereza ndani duara safi, utafungua chaki, chuma kitarudi kilikotoka, na tundu litabaki na umbo la pembe tatu za mviringo. Ubaya wake ni kwamba umbo hilo linaweza kukupa kipimo kilekile kila upande ukipima kwa ncha mbili, iwe vanieri au maikromita. Utaapa ni duara huku pistoni inavuja. Tundu likiisha, kereza mandreli (fimbo ya kuvishia) inayoingia kwa kubana kidogo, uvishe silivu, ndipo umalize nje.

Kabla ya yote hayo hakikisha lethi yako inakereza sambamba. Bana chuma kinene kwenye chaki bila kukishikilia mwisho wa pili kwa senta, acha vishingo viwili vyenye umbali wa mm 75 hivi, uvikereze vyote kwa kina kilekile bila kugusa krosi slaidi (ile inayosogeza kisu kuingia na kutoka), kisha upime. Vikitofautiana, kichwa cha mashine hakijanyooka, na kila silinda utakayotengeneza itatoka na umbo la faneli.

Kwa tundu lenyewe, toboa 11 halafu tumia kisu cha ndani chenye shingo nene kadiri nafasi inavyoruhusu. Mwishoni, bila kuongeza kina, kipitishe tena mara mbili tatu. Kitaendelea kutoa chembe, kwa sababu shingo ilikuwa imepinda na sasa inanyooka. Bakisha 0.02 hadi 0.03 za kusaga. Rima si mbaya, ila ikinguruma inaacha mistari ambayo utaitolea jasho baadaye. Matundu ya moshi na ya mchanganyiko wa hewa na mafuta yakate kabla ya kusaga, uondoe na makali yake.

Kusaga ndiko kwenye injini yenyewe. Kisagio kitoke kwenye aluminiamu au shaba, kitu laini kuliko silinda, ili chembe zikae kwenye kisagio na kula feleji. Urefu uwe mara mbili na nusu ya kipenyo, yaani mm 30. Kitoboe katikati, kipasue kwa msumeno kwa urefu, na skrubu yenye kichwa cha mteremko ikitanue. Kizunguke polepole, mizunguko 250 hivi kwa dakika. Silinda ishike kwa mkono mtupu bila glovu, na kisagio kikiing'ang'ania iachie mara moja, usishindane nacho. Isogeze mbele na nyuma bila kusimama, kisagio kichungulie theluthi moja kila mwisho, na uigeuze upande mara kwa mara.

Dawa ya kusagia vali iache gerejini, chembe zake ni kubwa mno. Anza na silikoni kabaidi namba 600 kwenye mafuta mepesi. Chembe zake zina upana wa mikroni 9 hivi, fikiria zingekuwa kubwa zaidi. Halafu 800, halafu 1200, kila namba na kisagio chake. Mkono utakuambia mengi hapa. Mwanzoni utasikia mahali panapokataa, halafu panapolegea. Baki panapokataa mpaka mvuto uwe mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha safisha na uangalie ndani kwa tochi. Ukuta unatakiwa uwe na kijivu kimoja kilichofifia, na ukiona utepe unaong'aa ujue hapo ni bonde na kisagio hakijapagusa. Namba 600 haijamaliza kazi yake, usiende 800.

Pistoni: acha kuisaga ndani ya silinda kwa dawa, hapo simkubalii Taya_Nne hata kidogo. Dawa inakula pande zote mbili, na kingo za matundu ya moshi zinakusanya chembe na kuzipeleka kwenye ukuta uliouhangaikia. Ikereze pistoni ikiwa bado sehemu ya fimbo ya chuma inakotoka, toboa ndani, toboa tundu la pini, bakisha 0.02, uisage kwa pete ya aluminiamu iliyopasuliwa na kubanwa kwa skrubu. Kuikata kwenye fimbo kuje mwisho kabisa.

Karakana_ya_Uani

Mzee shikamoo, na ahsante sana. Sasa nitajuaje kwamba pistoni imefika na niache kusaga? Na je, siwezi kuitengeneza kwa aluminiamu? Ninayo nyingi na ni nyepesi.

Mzee_wa_Tupa

Marahaba. Aluminiamu hapana, si kwa pistoni isiyo na ringi ndani ya feleji. Joto likipanda nyuzi 100, aluminiamu ya mm 12 inavimba karibu 0.028 na feleji kama 0.014. Tofauti hiyo ni zaidi ya mikroni 13, nawe unataka nafasi ya 3 hadi 5. Itakwama. Ukiilegeza ili isikwame, haitawaka ikiwa baridi. Chuma cha kusubu kinavimba karibu sawa na feleji, na grafiti iliyomo inashika mafuta. Uzito wake vumilia, fanya ukuta wa pistoni uwe mwembamba.

Kuhusu kuacha: safisha vyote viwili kwa mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni, brashi ndani ya silinda mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Viweke mezani vipoe pamoja. Usijaribu ukiwa umetoka kuishika pistoni muda mrefu, kwa sababu nyuzi 10 tu za joto la kiganja zinaitanua zaidi ya mikroni moja. Kisha tia tone la mafuta mepesi uiingize kutoka chini. Inatakiwa ipande kwa kidole bila shida mpaka inapofunika tundu la moshi, na kutoka hapo ianze kukaza, ikifika juu ikaze kwelikweli. Ndiyo maana unapomaliza silinda, ile nusu ya chini unaiongezea mipigo michache ya kisagio, mteremko mdogo sana. Injini ikipata moto sehemu ya juu inatanuka zaidi na mkazo ule unapungua.

Ziba juu kwa kidole gumba, sukuma pistoni na uiachie. Ikirudi yenyewe kwa nguvu, acha hapohapo. Ikirudi kwa uvivu na povu la mafuta linatoka pembeni, hiyo imelegea, tengeneza pistoni nyingine. Silinda nzuri unaihifadhi. Pistoni ni kipande kidogo cha chuma.

Taya_Nne

Nimekuelewa mzee, la kuzisaga pamoja naliacha. Nami nimjibu Karakana la krenki. Stroki mm 13 maana yake pini ikae mm 6.5 kutoka katikati, kwa hiyo saa inatakiwa isome tofauti ya mm 13 kwa mzunguko mzima, na yako inaishia 10. Usiisomee tofauti. Funga saa juu ya krosi slaidi, igusishe chuma pale kilipo chini kabisa, weka sifuri. Rudisha slaidi nyuma ili ncha ipate nafasi, zungusha chaki nusu mzunguko, kisha sogeza slaidi mpaka saa isome sifuri tena. Umbali iliotembea slaidi kwenye duara la namba ndio mm 13 unaoutafuta. Daima malizia ukitokea upande uleule, la sivyo pleyi ya skrubu itakudanganya. Na angalia kwanza duara lako limeandikwa kwa kipenyo au kwa umbali halisi, lethi zinatofautiana.

Mzee_wa_Tupa

Safi sana Taya_Nne, njia hiyo naitumia.

Karakana, ile pistoni ya juu nayo isage kwa pete ifuate silinda hiyohiyo ila iache kubwa kidogo kuliko pistoni ya chini. Iingie kwa kugongwa na kijiti cha shaba, isukumike kwa skrubu, na ukilegeza skrubu injini ikiwa ya moto, mgandamizo uirudishe juu wenyewe. Ikikataa kurudi, isage kidogo tu kwa 1200.

Mafuta ya kuanzia changanya etha, mafuta ya taa na mafuta ya mbarika kwa sehemu sawa. Mbarika usiipunguze wakati injini bado mpya. Etha changanyia nje, mbali na moto wowote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kufika kwenye jiko usilolifikiria. Washa kwa vipindi vifupi, kompresheni ikiwa chini, mchanganyiko ukiwa na mafuta mengi, uiache ipoe kabisa kila mara. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la moshi yatakuwa meusi mwanzoni. Endelea hivyo mpaka yatoke safi, ndipo ukaze skrubu.